Filta moja ya saa 24: uipeleke XRF, ICP-MS au kwingine?

Chukua filta ya teflon yenye kipenyo cha milimita 47, ifunge kwenye pampu inayovuta lita 16.67 za hewa kwa dakika, kisha iache juu ya paa siku nzima. Ukirudi kesho yake, mita 24 za ujazo za hewa ya mji zitakuwa zimepita hapo, na ule weupe umegeuka kijivu, au kahawia kama mvua zimechelewa. Ikiwa hewa ilikuwa na mikrogramu 40 za PM2.5 (chembe laini zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5) katika kila mita ya ujazo, ulichokusanya ni karibu miligramu moja tu, uzito wa punje moja au mbili za sukari. Humo mna masizi, chumvi, udongo, chuma cha breki, zinki ya tairi, pengine risasi, na majivu ya kila kilichochomwa mtaani jana yake.

Punje hiyo uipe mashine gani ili ikutajie elementi zilizomo: XRF, inayotumia eksirei, ICP-MS, inayotaka filta iyeyushwe kwa asidi, au nyingine? Wengi hujibu kwa kuangalia mashine iliyo karibu nao. Nami niliwahi kujibu hivyo, nikapoteza msimu mzima wa kiangazi. Nitafika huko.

Kabla ya hapo, kuna kifaa kimoja ambacho watu hukiingiza kwenye ulinganisho huu ilhali si mahali pake: sensa za bei nafuu zinazotundikwa kwenye nguzo na kuta. Mtandao wa AirQo, ulioanzia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2015, umeonyesha jinsi sensa hizi zinavyoweza kufunika mji mzima na kusema wapi hewa ni chafu na saa ngapi. Lakini sensa ya aina hiyo hurusha mwanga na kuhesabu jinsi chembe zinavyoutawanya. Vumbi la barabara ya murram na moshi wa betri inayoyeyushwa, kwake yote ni mwanga uliotawanyika. Mtu akikuambia sensa yake inapima risasi, muulize inaipimaje, kisha subiri jibu.

Na risasi bado ni swali halali. Petroli yenye risasi ilikomeshwa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Magari yakaacha kuitoa. Betri chakavu hazikuacha. Kiwanda cha kuyeyusha betri karibu na mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kilifungwa mwaka 2014, na wakazi wakaenda mahakamani kwa sababu ya risasi iliyoingia kwenye udongo wao na damu ya watoto wao. Hali kama hiyo ikifika mbele ya hakimu, namba uliyoipata kwa mashine isiyofaa huanguka mara tu wakili wa upande wa pili anapouliza swali la kwanza.

XRF na ICP-MS, ana kwa ana

Kwa sehemu kubwa ya kazi za hewa ya mjini, uchaguzi halisi ni kati ya hizi mbili. Nyingine nitazipitia baadaye, baadhi kwa haraka.

XRF huipiga filta kwa eksirei, na kila elementi hujibu kwa kutoa eksirei zake yenyewe zenye nishati inayoitambulisha, kama mtu anavyotambulika kwa sauti gizani. Kigunduzi huzisikiliza zote kwa mpigo mmoja: kuanzia sodiamu kwenda juu, alumini, silikoni, salfa, klorini, potasiamu, kalisi, titani, chuma, shaba, zinki, hadi risasi na zaidi. Hakuna asidi, hakuna kuyeyusha. Filta moja huchukua dakika kadhaa, au saa nzima ukitaka umakini zaidi, kisha inarudi kwenye kisahani chake kama ilivyokuja.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niitetee XRF kila ninapoulizwa. Filta iliyopita kwenye XRF bado ni filta. Unaweza kuipima tena mwakani, kumpelekea mwenzako wa maabara nyingine, au kuiingiza kwenye asidi baadaye ukigundua kwamba swali lako limebadilika. Filta iliyopita kwenye ICP-MS haipo tena.

ICP-MS kwanza inataka kila kitu kiwe maji. Filta inachemshwa kwa asidi ya nitriki na haidrojeni peroksaidi ndani ya chombo kilichofungwa kwenye maikrowevu ya maabara, kimiminika kinachopatikana kinapulizwa kama ukungu ndani ya plazma ya agoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, na atomi zilizovuliwa elektroni hupangwa na kuhesabiwa kwa uzito wake. (Teflon haipendi maji, kwa hiyo filta huelea juu ya asidi kama jani. Tone la ethanoli kwanza hulituliza.) Uwezo wake wa kuona vitu vidogo ni wa ajabu, na unaeleweka vizuri zaidi ukipiga hesabu.

Tuanze na risasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 0.5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na Umoja wa Ulaya unatumia kikomo hichohicho. Hewa ya kiwango hicho, ikipita mita za ujazo 24, inaacha mikrogramu 12 kwenye filta. Eneo la filta linaloshika vumbi ni takriban sentimita 12 za mraba, kwa hiyo kila sentimita ina kama mikrogramu moja. XRF nzuri huona nanogramu chache tu kwa sentimita, yaani mara mia kadhaa chini ya hapo. Hata kwa kiwango cha Marekani cha mikrogramu 0.15, kilichowekwa mwaka 2008, XRF haitoki jasho.

Sasa aseniki. Umoja wa Ulaya umeweka nanogramu 6 kwa mita ya ujazo. Mara 24 ni nanogramu 144. Gawanya kwa eneo lile, unabaki na nanogramu 12 kwa sentimita. Hapo XRF tayari inakodoa macho. Kadimiamu, yenye kikomo cha nanogramu 5, iko palepale, na kwa mashine nyingi imo ndani ya ukungu kabisa. Lakini yeyusha filta hiyohiyo katika mililita 50: nanogramu 144 za aseniki zinakuwa karibu mikrogramu 3 kwa lita, kiasi ambacho ICP-MS hukisoma bila wasiwasi. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha mwaka 2005 cha kupima risasi, kadimiamu, aseniki na nikeli katika PM10 (chembe zisizozidi mikromita 10), EN 14902, kinataka asidi na ICP-MS, au mashine ya tanuri la grafiti. XRF haimo.

Kwa hiyo kama neno lililoandikwa kwenye pendekezo lako la utafiti ni aseniki, kadimiamu au antimoni, mjadala umekwisha. Ukitaka pia kujua risasi ilitoka wapi, ICP-MS ina silaha nyingine: hutenganisha isotopu za 206, 207 na 208 (atomi za risasi zenye uzito tofauti), na uwiano wake hutofautiana kufuatana na mgodi madini yalikochimbwa. XRF haioni isotopu.

Lakini geuza swali. Sema unataka kujua ni sehemu gani ya uchafu wa mji ni udongo. Udongo ni silikoni, alumini, kalisi, chuma, titani. Asidi ya nitriki haimalizi chembe za mchanga. Silikoni inabaki chini ya chombo, na alumini na titani hutoka pungufu. Ili mchanga uyeyuke unahitaji asidi ya hidrofloriki, inayopenya ngozi, kufuata kalisi mwilini na kuua. Usiiguse kama maabara haina jeli ya kalisi glukoneti mezani na mtu aliyefunzwa kuitumia. Na hata ukiitumia, silikoni hugeuka gesi na kutoroka, huku bomba za kioo za mashine zikiliwa taratibu. XRF inaona mchanga bila vituko hivyo.

Si ajabu basi kwamba utafiti wa PM2.5 ya Nairobi uliochapishwa mwaka 2014, kwa filta zilizokusanywa kati ya 2008 na 2010, ulitumia XRF. Swali lao lilikuwa vyanzo, na jibu lilikuwa kwamba vumbi la ardhini na magari kwa pamoja vilihusika na karibu robo tatu ya chembe hizo laini. Jibu la namna hiyo usingelipata bila silikoni.

Kila mashine na kelele zake

Hakuna mashine isiyosingizia. Aseniki na risasi hutoa eksirei zenye nishati zinazokaribiana mno: kiloelektronivolti 10.54 na 10.55. Kwenye XRF, risasi nyingi inaweza kuificha aseniki kidogo iliyo pembeni yake, na programu ya kuchambua inabaki kukisia kwa mistari mingine ya risasi. Karibu na wayeyushaji wa betri, ambako ndiko ungetamani kujua zote mbili, ndiko tatizo linapokuwa kubwa.

Usikimbilie ICP-MS kwa furaha. Agoni yenye uzito wa 40 ikishikana na klorini ya 35 inapatikana 75, na aseniki ni 75. Mashine za kisasa hupitisha heliamu kwenye chumba kidogo ili kuvunja miungano hii ya bandia, lakini lazima maabara iwe imekiwasha, na lazima isiwe imetumia asidi ya hidrokloriki. Sasa fikiria filta ya Mombasa au Dar es Salaam, iliyojaa chumvi ya bahari.

Mfano ninaoupenda zaidi ni vanadi, kwa sababu ndiyo alama ya mafuta mazito ya meli, na miji yetu ya bandari inaihitaji. Kwenye ICP-MS, klorini na oksijeni hukutana na kufanya 51, uzito uleule wa vanadi: chumvi inajifanya meli. Kwenye XRF, mstari mmoja wa titani unalala juu ya mstari mkuu wa vanadi, na udongo mwekundu una titani: vumbi linajifanya meli. Ukiona matokeo ya bandarini yenye vanadi nzuri sana, uliza waliisafishaje. Isitoshe, tangu Januari 2020 meli nyingi zimelazimika kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, badala ya 3.5, na mafuta hayo mapya mara nyingi yana vanadi kidogo. Alama yenyewe inafifia.

Halafu kuna jambo la mitungi. ICP-MS hula agoni lita 15 hadi 20 kwa dakika. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa baa 200 una gesi kama lita 10,000, yaani kazi ya kati ya saa 8 na 11. Mtungi mmoja, siku moja. Mahali ambapo agoni safi huja kwa lori na lori hukwama, mashine hukaa imefunikwa nailoni. XRF ya mezani inataka umeme thabiti, na basi. Kwa mradi unaotegemea mwanafunzi mmoja na filta 120, tofauti hii inaweza kuamua kama kazi itaisha.

Msimu nilioupoteza

Nilisema nitafika huko. Tulikuwa na pampu kubwa na boksi la filta za kwatsi zilizobaki kwenye mradi mwingine. Filta hizo ni nzuri kwa kupima kaboni, kwa sababu zinavumilia moto. Tukakusanya miezi minne, mawazo yote kwenye "mashine iliyopo ni XRF". Kwatsi ni silikoni na oksijeni. Mashine ilipotazama filta iliona silikoni kila mahali, bila shaka, na tulichotaka ni silikoni ya vumbi. Zaidi ya hapo chembe huzama ndani ya nyuzi za kwatsi, kwa hiyo eksirei za elementi nyepesi hazitoki zikiwa kamili. Tulichookoa ni chuma, zinki na risasi kidogo, vikiwa na mashaka makubwa. Filta za nyuzi za kioo ni mbaya zaidi, maana zina zinki na bariamu zake tangu kiwandani.

Kwa hiyo amua filta kabla ya mashine. Kwa elementi, teflon nyembamba inafaa XRF na ICP-MS zote mbili. Kwatsi ni ya kaboni. Kwa hadubini, polikaboneti laini yenye matundu.

Na usishawishike na ile bastola ya XRF ambayo maafisa wa madini hutembea nayo. Imesawazishwa kwa mawe na udongo mnene. Filta ni utando, vumbi lililo juu yake ni jembamba kuliko rangi ya ukuta, na namba inayotokea kwenye kioo cha bastola haina maana mpaka isawazishwe kwa viwango vya utando mwembamba.

Nyingine

PIXE hufanya kazi kama XRF ila hupiga kwa protoni badala ya eksirei, kwa nishati ya megaelektronivolti 2 hadi 3. Ni hodari kwa elementi nyepesi, na mwale wake ni mwembamba kiasi cha kusoma filta iliyozungushwa polepole ili kila saa iache mstari wake. Inahitaji kichapuzi cha chembe. iThemba LABS ya Afrika Kusini wanavyo. Florence, Italia, kuna kundi lililoifanya kuwa kazi yake ya kila siku kwa vumbi la hewa. Ukiwa na ushirikiano huko, tuma filta. Ukiwa huna, XRF nzuri ya leo itakufikisha karibu.

Uanzishaji kwa nyutroni, NAA, unataka kinu cha nyuklia. Kinshasa kilijengwa kinu cha kwanza cha utafiti Afrika mwaka 1959. Cha pili, TRICO II, kilinyamaza mwaka 2004. Njia hii ni sahihi sana kwa elementi adimu, lakini risasi haiioni. Kwa hewa ya mjini, hilo peke yake latosha kuiweka kando.

Hadubini ya elektroni, SEM yenye EDX, ni mnyama tofauti. Haikupi nanogramu kwa mita ya ujazo. Hukuonyesha chembe moja moja: tufe laini la chuma lililotoka kwenye mwali wa fundi wa kuchomelea, kipande chenye kingo kali cha kauri ya breki chenye bariamu na antimoni, mchemraba wa chumvi, mnyororo wa masizi. Ikiwa jirani wa gereji anabisha kwamba vumbi si lake, picha kumi za SEM husema zaidi ya jedwali. Lakini huwezi kuzitumia kulinganisha na kikomo cha sheria, na kuhesabu chembe mia kadhaa kwa mkono kunachosha macho.

Mashine za XRF za papo kwa papo huvuta hewa kupitia utepe wa filta, na kila saa husogeza utepe na kuupima palepale. Delhi zimetumiwa na kuonyesha klorini ikipanda vikali saa za usiku na alfajiri, kitu ambacho filta ya saa 24 ingekichanganya na mchana wote. Bei yake ni ya gari jipya na zaidi, na inataka chumba chenye kiyoyozi na fundi. Ningeichagua pale tu swali ni "saa ngapi": kwa mfano kiwanda kinachoshukiwa kuwasha tanuri usiku.

Kwa kuchungulia kwa bei ndogo, kumbuka kilichotokea Portland, Oregon. Mwaka 2013 watafiti wa Huduma ya Misitu ya Marekani walibandua sampuli 346 za kuvumwani (moss, vimea vya kijani vinavyoota kwenye magome) kwenye miti ya mjini na kuzipima metali. Kadimiamu ilijikusanya karibu na kiwanda cha vioo vya rangi, na vipima hewa vilivyowekwa baadaye vikathibitisha. Kuvumwani haikuwapa namba ya hewa. Iliwaambia pampu iwekwe wapi.

Kaboni iko nje

Jambo moja linalosahaulika hata kwenye maandiko ya kitaalamu: hakuna kati ya mashine hizi inayokupa kiasi cha kaboni, na katika miji ya mkaa, dizeli na taka zinazochomwa, kaboni mara nyingi ndiyo sehemu kubwa ya ile miligramu. Ukijumlisha elementi zote ukapata theluthi ya uzito, hujakosea. Weka filta ya kwatsi pembeni ya teflon kwa pampu ya pili, uipeleke kupima kaboni kwa joto na mwanga. Potasiamu kwenye teflon itakudokeza moshi wa kuni, zinki na klorini zitadokeza taka, lakini masizi yenyewe yako kwenye filta ya pili.

Ningechagua nini

Mji wa ndani kama Nairobi, Kampala au Dodoma, swali likiwa vyanzo: teflon, XRF kwa filta zote. Lenga sampuli zisizopungua mia moja, kwa sababu PMF, programu ya kutenganisha vyanzo ambayo EPA, shirika la mazingira la Marekani, huitoa bure, haitoi kitu cha maana kwa sampuli thelathini. Idai maabara ikupe kosa la kipimo (ukubwa wa mashaka) la kila elementi katika kila filta, si wastani tu, maana PMF hula makosa kama inavyokula namba.

Jirani wa kiwanda cha betri au chuma chakavu, swali likiwa afya au kesi: XRF kwanza kwa filta zote, kisha ile robo ya filta yenye risasi nyingi zaidi iende ICP-MS kwa aseniki, kadimiamu na isotopu. Usianze na asidi.

Bandarini: vivyo hivyo, ila waulize ICP-MS kwa maandishi kama heliamu imewashwa kwa vanadi na aseniki.

Vyovyote vile, maabara ipime pia kiwango cha rejea: NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, wametoa SRM 2783, vumbi la hewa lililo tayari kwenye filta, kwa XRF, na SRM 1648a, vumbi la mjini la unga, kwa watu wa asidi. Wakikuonyesha alumini ya 1648a imetoka asilimia 60, ujue mchanga umebaki chini ya chombo. Na katika kila filta kumi, moja ipelekwe juu ya paa, ifungwe kwenye pampu isiyowashwa, irudishwe. Hiyo filta tupu ndiyo itakayokuambia kama zinki uliyoiona ni ya barabarani au ya koleo lako la kushikia filta.